Majirani wa Minnie Wright

Fundi cherehani wa kikoba chetu aliimaliza kesi ya kuuawa kwa John Wright kabla hatujafika nusu ya igizo. Nilikuwa nasoma pale jirani, Bi Hale, anapokunjua vipande vya blanketi la viraka alilokuwa akilishona mshtakiwa, mke wa marehemu. Kipande baada ya kipande mshono umenyooka, halafu ghafla kimoja kimekwenda mrama, uzi umelegea huku na kukazwa kule. Fundi akaninyooshea mkono ninyamaze. Akatoa gauni la mteja kwenye mfuko wake, akaligeuza ndani nje, akatupitishia pindo. Kidole chake kilitembea juu ya mshono mpaka mahali ambapo uzi ulijikunja kwa urefu wa kiganja.

"Hapa nilipigiwa simu kwamba mwanangu ameanguka shuleni," akasema. "Miguu ilibaki kwenye pedeli, mimi sikuwepo. Nitapafumua, mteja hataona. Lakini huyo mama wa kwenye karatasi zako, mwalimu, siku aliyoshona hapo kuna jambo lilimkuta."

Wanaume watatu waliomo ndani ya igizo hilo hawaligundui jambo hilo hata igizo linapoisha. Igizo lenyewe linaitwa Trifles, yaani mambo madogomadogo, limeandikwa na Susan Glaspell, na sisi tulilisoma Nkuhungu, Dodoma, kwenye baraza la muuguzi mstaafu ambako kikoba chetu hukutana Jumamosi jioni. Kwanza hisa, marejesho na faini za waliochelewa. Kusoma ni baada ya chai. Wazo la kusoma tamthilia lilikuwa langu. Nafundisha fasihi, na nilikuwa na hamu ya kusoma na watu wasiosubiri kuulizwa "taja na ufafanue". Nililitafsiri mwenyewe kwa kalamu, nikatoa nakala kwenye steshenari, kila mtu na yake. Ni igizo la tendo moja, halimalizi hata saa moja.

Habari za mwandishi nilizieleza kwa kirefu na hawakuzijali sana, kwa hiyo hapa nazipitia upesi. Lilionyeshwa mara ya kwanza Agosti 1916 huko Provincetown, Massachusetts, Marekani, katika banda la samaki lililokuwa juu ya gati na kugeuzwa ukumbi. Glaspell mwenyewe aliigiza kama Bi Hale. Kiangazi hichohicho, ndani ya banda hilohilo, ndipo igizo la Eugene O'Neill lilipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza. O'Neill akawa jina kubwa duniani. Glaspell alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1931, kisha akasahaulika kwa miongo kadhaa, hadi wasomi wanawake walipoanza kumrudisha mezani miaka ya 1970. Wenzangu waliuliza swali moja tu: mambo ya jiko la mshtakiwa aliyajuaje?

Aliyajua kwa sababu aliwahi kuingia jiko la namna hiyo. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Des Moines Daily News, jimbo la Iowa. Desemba 1900 mkulima aitwaye John Hossack aliuawa kwa shoka akiwa kitandani usiku. Mkewe, Margaret, alikuwa amelala kitanda hichohicho, na alisema hakumwona aliyefanya kitendo hicho. Glaspell aliiandika kesi hiyo tangu mwanzo hadi hukumu. Taarifa zake za kwanza hazikuwa na huruma hata chembe. Baadaye alitumwa nyumbani kwa mama huyo, akaingia jikoni kwake wakati mwenyewe yuko mahabusu, na jiko lile halikumtoka akilini tena. Jopo la raia, wote wanaume kwa sababu wanawake wa Iowa hawakuruhusiwa kukaa kwenye jopo, lilimtia Margaret hatiani mwaka 1901, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua hukumu. Kesi ikasikilizwa upya mwaka 1903, jopo likashindwa kuafikiana, mama akaachiwa.

Katika kesi hiyo kuna jambo ambalo bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini igizo limejengwa lilivyojengwa. Majirani walijua kuwa nyumba ya Hossack haina amani. Margaret aliwahi kuwaeleza. Habari hizo zilipofika mahakamani hazikumsaidia. Upande wa mashtaka ulizichukua ukasema: mnaona, alikuwa na sababu ya kumuua. Mateso yake yakawa ushahidi dhidi yake.

Sasa rudi kwenye igizo. Glaspell aliondoa shoka akaweka kamba, akaondoa watoto wengi wa Margaret akabakiza nyumba isiyo na mtoto. John Wright amekutwa kitandani amenyongwa. Mkewe Minnie yuko rumande. Asubuhi ya baridi kali, watu watano wanaingia jikoni kwake: sherifu Peters, mwendesha mashtaka, jirani mkulima Bwana Hale, pamoja na mke wa sherifu na mke wa Hale. Wanaume wamekuja kutafuta sababu ya mauaji. Wanawake wamekuja kumchukulia mshtakiwa nguo. Minnie mwenyewe hatumwoni hata mara moja.

Wanaume wanaangalia jiko wanaona uchafu: sufuria hazijaoshwa, taulo ni chafu. Mwendesha mashtaka anasema huyu hakuwa mama wa nyumba. Wanakuta chupa za matunda aliyoyahifadhi zimepasuka kwa baridi, na mke wa sherifu anasema Minnie alikuwa na wasiwasi nazo, kwamba moto ukizimika zitapasuka. Sherifu anaangua kicheko. Mtu ameshikwa kwa mauaji, anawaza matunda yake!

Hapo nilikuwa nimejiandaa kueleza cheri ni tunda gani na kwa nini litiwe kwenye chupa. Haikuhitajika. Kikoba chetu kina mama anayeuza mboga kavu soko la Sabasaba, na alishaanza kutikisa kichwa. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili ikijitahidi, na baada ya hapo ardhi inageuka rangi ya matofali. Mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, vyote huchumwa wakati vipo, vikaanikwa, vikahifadhiwa kwa ajili ya miezi ambayo hakuna jani la kuchuma. "Akamatwe leo, mvua iingie kwenye gunia lake la mlenda," akasema, "unadhani atalia nini? Atalia mlenda. Mambo ya mahakama atayalia kesho." Kisha akauliza huyo sherifu anakula nini nyumbani kwake wakati wa baridi, na nani anakiweka kwenye chupa. Glaspell hakulijibu swali hilo, lakini naamini angependa aliyeuliza awe kwenye ukumbi wake.

Wanaume wanapanda ghorofani kutafuta sababu. Wanawake wanabaki chini na sababu iko chini. Wanaona mkate ambao haukurudishwa mahali pake. Wanaona mshono uliokwenda mrama, na Bi Hale anaufumua na kuanza kuushona upya, huku Bi Peters akimwangalia kwa wasiwasi. (Fundi wetu alipiga makofi hapo. "Huyo keshaingia kwenye kesi!") Wanaona tundu la ndege, mlango wake umeng'olewa bawaba. Mwisho, ndani ya kikapu cha ushonaji, kiboksi kizuri, na ndani yake kaneri, ndege mdogo wa kuimba, aliyefungwa kwenye kitambaa cha hariri, shingo imesokotwa. Wanaelewa kwamba John Wright ndiye aliyemuua, na hiyo ndiyo sababu wanayoitafuta wanaume.

Walimu wengi, na mimi nilikuwa mmojawapo, tukilisoma igizo hili tunampa sifa zote Bi Hale. Ndiye anayesema sana. Anawajibu wanaume, anawatetea wanawake. Lakini Bi Hale ni mke wa mkulima, hana cha kupoteza isipokuwa hasira za siku moja. Mimi sasa namtazama Bi Peters, mwanamke mdogo mdogo wa sauti ya chini ambaye mwendesha mashtaka anamwambia kwa utani kwamba hahitaji kukaguliwa, kwa kuwa ameolewa na sheria.

Kati yetu yupo mke wa askari. Siku hiyo hakuwa amefungua mdomo tangu mwanzo. Aliomba turudie ukurasa wa Bi Peters, tukarudia. Mwanzoni huyo mama anasema sheria ni sheria. Halafu anamwona ndege, na anakumbuka paka wake mdogo ambaye kijana mmoja alimuua kwa shoka mbele ya macho yake alipokuwa msichana, na kwamba kama watu wasingemzuia yeye, angemuumiza kijana yule. Kisha anakumbuka nyumba yao ya Dakota na mtoto wao wa kwanza aliyefariki akiwa na miaka miwili, na ukimya uliobaki ndani. Anasema anaujua ukimya. Bado baada ya hayo anarudia kwamba uhalifu lazima uadhibiwe. Hageuki mara moja. Anakwenda hatua moja, anarudi nusu.

Tazama anavyodanganya. Mwendesha mashtaka anauliza ndege yuko wapi. Bi Hale anajibu kwamba huenda paka alimchukua. Bi Peters ndiye anayejua kuwa Minnie hakuwa na paka, kwa maana anawaogopa; yeye mwenyewe ametoka kumweleza Bi Hale habari hiyo muda mfupi uliopita. Kwani paka yupo, anaulizwa. Anajibu kwamba ameshaondoka, paka ndivyo walivyo, huondoka. Na dakika za mwisho, wanaume wakiwa mlangoni, anayeanza kukinyakua kiboksi si Bi Hale. Ni Bi Peters. Anajaribu kukiingiza kwenye mkoba wake, hakiingii. Anajaribu kumtoa ndege, mkono unakataa. Ndipo Bi Hale anapokinyakua na kukitia kwenye mfuko wa koti lake kubwa.

Mke wa askari akasema: "Kwangu faili haliji nyumbani. Lakini akifungua geti najua siku yake ilikuwaje. Sasa huyu Bi Peters usiku ule anamwandalia mumewe chakula, wanakaa meza moja. Anaanzaje?"

"Anaanza kama kawaida," muuguzi akamjibu.

"Atajua. Polisi wanajua ukificha kitu."

"Huyu hajui. Ameziona chupa akacheka."

Tulicheka, lakini swali la mke wa askari ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mshikamano wa Bi Hale unaishia pazia linapofungwa. Wa Bi Peters ndiyo kwanza unaanza, na atauishi kila jioni akiwa na mwenye pingu mbele yake. Igizo halimfuati mpaka nyumbani, na wasomaji nao hawamfuati.

Kitu kingine ambacho husomwa kwa haraka ni deni la Bi Hale. Alimfahamu Minnie akiwa msichana, Minnie Foster, gauni jeupe lenye riboni za buluu, akiimba kwaya. Baada ya ndoa kuimba kuliisha. John Wright hakuwa mlevi. Alilipa madeni yake, neno lake lilikuwa neno, na watu walimsema vizuri. Alikuwa tu mtu mgumu asiyetaka sauti ndani ya nyumba. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alimpiga mkewe. Hilo lilizua ubishi kwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na siku hizi lipo dawati la jinsia polisi. Mke wa askari alilieleza vizuri. Mama wa mboga akauliza: ukifika kwenye dawati unaandikisha nini kama hujapigwa? Unaandikisha kwamba nyumbani hapaimbwi?

Aliyejibu ni Bibi, mkubwa wetu, tunamwita hivyo wote hata wasio wajukuu. Ujanani alikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo iko mikononi mwa wanawake. Unaibana katikati ya mapaja na kuipiga ukiwa umesimama na wenzako. Alipoolewa, mume hakupenda. Hakumpiga wala hakumkataza. "Kila nilipotoka na ngoma alikuwa hali chakula changu siku mbili," alisema Bibi. "Nikaiacha. Angenipiga ningepata pa kwenda kusema."

Na ndipo alipomgeukia Bi Hale. Huyu mama, alisema, anakaa jirani, anajua mwenzake alivyokuwa zamani na alivyobadilika, na zaidi ya mwaka mzima hajagonga mlango. Anatoa sababu: nyumba ilikuwa bondeni, barabara haionekani, haikuwa nyumba ya kuchangamsha. Baadaye analia kwamba kutokwenda kwake ndiko uhalifu, na nani ataadhibu huo? Bibi hakukubali machozi hayo. Alisema kabla ya Operesheni Dodoma, mwaka 1971, tembe zilikuwa mbalimbali, mwanamke akilia alisikiwa na ng'ombe. Serikali ikawasogeza watu vijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari. Sasa tuko mjini, ukuta wa jirani ndio ukuta wako. "Akilia mtu Nkuhungu hapa wanasikia nyumba sita. Asubuhi tunaamkiana mbukwa, tunachota maji." Akaongeza jambo lililomfanya mweka hazina aangalie chini: asiyekuja kikao mnamwandikia faini, lakini anayekwenda kumuuliza ana nini ni nani?

Kwa hiyo mimi siusomi tena mwisho wa Trifles kama ushindi. Ni malipo ya kuchelewa. Wanawake wawili wanaficha ndege aliyekufa kwa sababu hawakumtembelea aliyekuwa hai, na kwa sababu wanajua, kama ilivyokuwa kwa Margaret Hossack, kwamba maumivu ya Minnie yakifika juu ghorofani yatarudi chini yakiwa kitanzi. Sababu zote mbili ni za kweli. Mwanafunzi akiniandikia ya pili peke yake nitampa nusu ya alama.

Muuguzi alikuwa na lalamiko ambalo sijapata jibu lake. Anasema hata hao wanawake hawamsikilizi Minnie. Wanaamua yeye ni nani kwa kutazama vitu vyake. Wanaamua kipi kifichwe. Wanaamua kumpelekea chupa moja iliyosalimika na kumwambia kwamba matunda yote yako salama, ili asihuzunike. "Mgonjwa wangu nikimfanyia hivyo nimemkosea," alisema. "Na kama yeye anataka kusema mahakamani, nilimuua na sababu ni hii? Wamempokonya." Nilimjibu kwamba mwandishi amemweka nje ya jukwaa makusudi, tuone jinsi alivyokuwa hayupo hata alipokuwepo. Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayesema dawa ameshakunywa. Anataka tuandike onyesho la nyongeza, Minnie akiwa rumande anapelekewa chupa. Mimi napinga, nadhani litaharibu kazi. Kura bado hatujapiga.

Badala yake tumekubaliana kuendelea na Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka 1982, na hili niliomba mimi kwa sababu nataka kuona yatakayotokea. Humo wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Kila mmoja ana lake nyumbani, wanavutana, wanagombana, waume nao wana yao. Kule Iowa wanawake wawili walielewana bila kusema neno, kwa kutazamana tu. Patata wako wanane, wanasema mchana kutwa, na wanashindwa. Fundi, ambaye ameshasoma mbele ya wenzake, anadai kulinganisha huko si haki: kuficha kiboksi ni kazi ya dakika moja, na haihitaji mtu akubaliane na mwingine kesho yake. Kusimamisha nguzo kunahitaji kesho na keshokutwa, na pesa, na nani ashike wapi. Mweka hazina amemuunga mkono. Anasema kikoba kingekuwa cha kuficha vitu tungekuwa matajiri.

Kazi ya kugawana sehemu imekuwa ngumu kuliko mkopo. Hakuna anayetaka kuwa mume wa yeyote. Mama wa mboga kavu, mke wa askari na Bibi wote wanamtaka Chizi, msimulizi, na Bibi ameshatamka kwamba yeye hasomi kwenye karatasi, asomewe atashika kichwani. Ameuliza pia kama katika igizo hilo kuna mahali pa ngoma. Nikamwambia kama hapapo tutapatengeneza, na muuguzi akadakia hapohapo: kwa hiyo kumbe kuongeza inaruhusiwa.